Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Grand Rapids na Wabunge wa Michigan: Somo Ninalotamani Kuacha Kulifundisha

Kwa Mheshimiwa Meya wa Grand Rapids, Waheshimiwa Makamishna wa Jiji, Mkuu wa Polisi, na Waheshimiwa wabunge wa Michigan mnaokaa Lansing,

Nawasalimu kwa heshima zote. Ninawaandikia kwa Kiswahili nikijua wazi kwamba wengi wenu mtahitaji mtu wa kuwasomea. Kwa miaka mingi nimekuwa mkalimani katika mji huu. Nimekaa hospitalini kati ya daktari na mgonjwa, shuleni kati ya mwalimu na mzazi, mahakamani kati ya hakimu na mtu ambaye hata neno la kiapo hakulielewa, na muda wote huo ni sisi tuliobeba kazi ya kuwafikia ninyi kwa lugha yenu. Barua hii inahusu Patrick Lyoya, kijana Mkongo aliyeuawa na askari wa mji huu mwaka 2022, ambaye wazazi wake walimlilia mbele ya dunia nzima kwa Kiswahili. Nimeona haifai kuiandika kwa lugha nyingine, na naamini ofisi zenu, ambazo kila mara hutupigia simu zinapomhitaji mkalimani, zitampata na safari hii.

Kila mwezi, Jumamosi ya kwanza, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa tunaloabudu, huwa napanga viti vinne vya plastiki, viwili mbele na viwili nyuma. Hilo ndilo gari letu. Mfuniko wa sufuria ya jikoni ndio usukani. Wanafunzi wangu ni watu waliofika karibuni kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Dzaleka na Nakivale, wengine bado wana ile mikoba ya plastiki waliyobebea karatasi zao za safari, na somo ni moja tu: namna ya kusimamishwa na polisi ukarudi nyumbani. Mimi ndiye askari. Nazunguka kwa nyuma, nagonga kioo ambacho hakipo, na kuuliza leseni.

Miezi michache iliyopita alikaa kwenye kiti cha dereva mzee mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, mtu wa makamo ya baba yangu. Nilipogonga, aliinuka. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili kifuani, akainamisha kichwa na kunisalimu, kwa sababu kwao, kama ilivyo kwetu sote tuliolelewa huko, mkubwa hasalimiwi ukiwa umekaa, na kubaki umeketi mbele ya mtu mwenye sare ni kumdharau. Nikamwambia, "Mzee, kaa. Usishuke garini kabla hujaambiwa." Akakaa. Nikamwambia aweke mikono juu ya usukani ionekane. Tukarudia, na mara ya pili akainuka tena kabla hajajikumbuka. Mara ya tatu alibaki amekaa, mikono juu ya mfuniko wa sufuria, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyeambiwa asiwe na adabu. Akaniuliza, "Kwa hiyo heshima yangu ndiyo itaniua?" Sikuwa na jibu la kumpa mzee yule mbele ya wake zetu na watoto wetu. Nilisema tu kwamba tuendelee na somo.

Waheshimiwa, mnalijua chimbuko la somo hilo. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 4 Aprili 2022, kwenye barabara ya Nelson, kusini mashariki mwa mji huu, askari mzungu, Christopher Schurr, alilisimamisha gari kwa sababu namba za usajili hazikulingana na gari lenyewe. Dereva alikuwa Patrick Lyoya, Mkongo mwenye miaka 26, baba wa watoto wawili wa kike, aliyefika Marekani na familia yake mwaka 2014 baada ya kuikimbia vita ya Kongo na kuishi ukimbizini Malawi. Patrick alishuka garini. Askari akamwambia arudi ndani, akamwuliza kama anajua Kiingereza, akamwomba leseni. Kilichofuata kilionekana katika picha ambazo polisi walizitoa tarehe 13 Aprili, zikiwemo za kamera ya kifuani mwa askari, ambayo ilizimika wakati wa mvutano, na za simu ya abiria aliyekuwa na Patrick: Patrick anageuka kuondoka, anakamatwa, anajinasua, anakimbia hatua chache, wanavutana kwenye nyasi za mbele ya nyumba ya watu, bastola ya umeme inafyatuliwa bila kumpata, mkono wa Patrick uko juu ya bastola hiyo ya umeme, na mwishowe analala kifudifudi, askari akiwa mgongoni mwake, akipigwa risasi moja nyuma ya kichwa.

Nimeitazama video hiyo mara moja. Sijaweza mara ya pili. Ninayoikumbuka zaidi ni ile sehemu ya mwanzo, pale anaposimama pembeni ya gari lake na mlango uko wazi, kwa sababu ndipo ninapomwona mzee wangu wa Fizi. Sijui Patrick alikuwa anawaza nini aliposhuka, na sitamsemea marehemu. Najua tu kwamba maelfu yetu tungefanya hivyohivyo, na tungefanya tukidhani tunaonyesha nia njema.

Sitaficha yale ambayo upande wa pili unayasema. Patrick hakutii, aliigusa ile bastola ya umeme, na uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba kiwango cha pombe katika damu yake kilikuwa juu sana kuliko sheria inavyomruhusu dereva. Hayo yote ni kweli na yote yana adhabu zake katika vitabu vya sheria. Kuendesha gari ukiwa umelewa kuna faini, kufungwa na kunyang'anywa leseni. Kupambana na askari kuna kifungo. Lakini hebu fikirini jimbo lenu lilivyo. Michigan ilifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji tangu mwaka 1846, kabla karibu dunia yote haijafanya hivyo, na Katiba ya jimbo ya mwaka 1963 inakataza kabisa kutungwa kwa sheria yoyote ya adhabu ya kifo. Maana yake ni kwamba mtu akiua watu 10 hapa kaunti ya Kent, akakamatwa, akashtakiwa kwa sheria za jimbo, akakiri, hakuna jaji wa jimbo mwenye uwezo wa kuamuru auawe. Ninapowafundisha wageni wetu uraia, hiki ni kitu ambacho huwa nakitaja kwa fahari, kwa kuwa wanatoka mahali ambapo uhai wa mtu hauna mlinzi. Kisha nafika kwenye somo la viti vinne, na fahari hiyo inanikwama kooni.

Mwendesha mashtaka wa kaunti ya Kent alimfungulia Schurr shtaka la mauaji ya daraja la pili mwezi Juni 2022, na siku chache baadaye jiji likamfuta kazi. Hatua hizo tulizipokea kwa shukrani na sitazibeza. Tukasubiri. Rufaa zikapanda na kushuka, mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu, mpaka kesi yenyewe ikasikilizwa mwishoni mwa Aprili 2025. Tarehe 8 Mei, jopo la raia 12 likamwambia jaji kwamba limeshindwa kukubaliana, na kesi ikavunjika. Wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatairudia.

Jioni ile ya tarehe 8 simu yangu haikutulia. Akina mama wa kanisani walikuwa wamesikia neno la Kiingereza kwenye taarifa ya habari na walitaka kujua maana yake. Nilijaribu. Nilisema, "Wale watu 12 hawakukubaliana." Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo ameshinda au ameshindwa?" Nikasema hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Akanyamaza kwa muda, nikasikia maji yakimwagika kwenye karai, nadhani alikuwa anaosha vyombo, halafu akasema, "Basi mtoto amekufa na hakuna aliyemuua." Nimefanya kazi ya ukalimani kwa muda mrefu, na sina kumbukumbu ya sentensi iliyonishinda kuijibu kama hiyo. Kila kitu katika sentensi ile kilikuwa kinyume na tulichokiona kwa macho yetu, na bado, kisheria, ilikuwa tafsiri sahihi.

Baada ya hapo watu wengi wenye nia njema, baadhi yao kutoka ofisi zenu, walitutaka tuwe na matumaini na tuendelee kuwa watulivu. Kwa Kiswahili tunao msemo kwamba mvumilivu hula mbivu, na nimeusikia ukinukuliwa mpaka na watu wasioijua lugha. Naomba niseme kwa unyenyekevu: msemo huo ni wa mwenye shamba anayelilinda tunda lake likiwa juu ya mti. Sisi matumaini tunayo, tena mengi. Tusingekuwa nayo tusingefika hapa. Mtu aliyekaa miaka 15 kwenye kambi akisubiri jina lake libandikwe ubaoni hahitaji kufundishwa kusubiri. Ninachotaka mkijue ni mahali matumaini yetu yanapopata chakula, ili mjue pia pa kuyalisha.

Lazima nianze kwa kuungama. Tulipofika hapa, wengi wetu tuliamini kwamba habari za rangi ni ugomvi wa zamani kati ya wazungu na Wamarekani weusi, na kwamba sisi, kwa kuwa ni wageni, tena wakimbizi wenye hadithi zetu na lafudhi zetu, tutapita katikati yao bila kuguswa. Niliwasikia wazee wetu wakiwaonya vijana wasivae kama Wamarekani weusi na wasiongee kama wao, kana kwamba hatari ilitoka kwao. Habari za Amadou Diallo, kijana wa Guinea aliyeuawa mlangoni kwake New York mwaka 1999 na askari waliofyatua risasi 41, na ambao mahakama iliwaachia wote wanne, zilikuwapo tangu zamani, lakini hatukuzitafuta. Patrick alipouawa, watu wa kwanza kufika kwa familia na vyakula, na mabango, na wanasheria, na wachungaji wao, walikuwa hao hao tuliojitenga nao. Hawakutuuliza tulikuwa wapi siku zao. Mama mmoja mwenye mvi, mzaliwa wa mji huu, alinishika mkono nje ya ukumbi wa jiji katika ile mvua ya Aprili na kunitajia majina, moja baada ya jingine, ya watu ambao yeye mwenyewe alikuwa ameandamana kwa ajili yao tangu ujana wake. Alikuwa amevaa koti la mtu mkubwa kuliko yeye. Alikuwa hajakata tamaa, wala hakuwa na furaha, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba watu hawa wana elimu ya kutumaini ambayo sisi hatukuwa nayo.

Katika majina yale alimtaja Jimmie Lee Jackson, nikaenda kusoma. Mwezi Februari 1965, katika mji wa Marion, Alabama, askari wa jimbo walivunja maandamano ya amani ya watu weusi waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Jimmie Lee Jackson alikimbilia mgahawani pamoja na mama yake na babu yake, na alipojaribu kumkinga mama yake, askari aitwaye James Bonard Fowler akampiga risasi. Akafa siku nane baadaye. Alikuwa na miaka 26, kama Patrick. Kwa uchungu wa kifo chake watu wakapanga kutembea kutoka Selma hadi Montgomery. Wakapigwa kwenye daraja tarehe 7 Machi, wakarudi tena, na mwezi Agosti mwaka huohuo Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikatiwa sahihi. Fowler hakushtakiwa mpaka mwaka 2007. Mwaka 2010, miaka 45 baada ya risasi, alikiri kosa la kuua bila kukusudia na kuhukumiwa miezi 6. Nilipoisoma habari hiyo sikujua nilie au nishukuru. Hukumu ile ni ndogo mpaka inauma. Lakini sheria ya 1965 iliwafikisha mamilioni ya watu kwenye masanduku ya kura, na haikusubiri kesi ya Fowler iishe. Watu wale walishika vitu viwili kwa wakati mmoja: waliendelea kumdai muuaji miaka yote, na hawakukubali kwamba mpaka apatikane na hatia hakuna kingine cha kufanya.

Ndiyo maana nawaomba msituambie kwamba kesi imekwisha na kwa hiyo suala limekwisha. Mahakama nayo huwa na milango zaidi ya mmoja. Mwaka 2015, tena tarehe 4 Aprili, tarehe ileile aliyouawa Patrick na ileile aliyouawa Mchungaji Martin Luther King Memphis mwaka 1968, askari Michael Slager alimpiga Walter Scott risasi za mgongoni akiwa anakimbia, huko North Charleston, South Carolina. Kesi ya jimbo ilivunjika Desemba 2016 kwa sababu jopo lilishindwa kukubaliana, kama ilivyovunjika yetu. Miezi mitano baadaye Slager alikiri katika mahakama ya serikali kuu kwamba aliinyima haki ya kikatiba nafsi ya Walter Scott, na mwezi Desemba 2017 akahukumiwa miaka 20. Na Oktoba 2025, huko Illinois, jopo lilimtia hatiani askari Sean Grayson kwa kumuua Sonya Massey, mama aliyeita polisi yeye mwenyewe kwa sababu aliogopa kuna mtu nje ya nyumba yake. Kwa hiyo tunapoendelea kuuliza, hatuulizi kwa ukaidi.

Lakini barua hii nimeiandika hasa kwa sababu ya pleti namba.

Walter Scott alisimamishwa kwa sababu taa moja ya breki ya gari lake ilikuwa haiwaki. Philando Castile, ambaye aliuawa Minnesota Julai 2016 mbele ya mchumba wake na mtoto wa miaka 4 aliyekuwa kiti cha nyuma, aliambiwa ni taa ya breki, na kabla ya siku hiyo alikuwa amesimamishwa zaidi ya mara 40 katika maisha yake ya udereva. Samuel DuBose, Cincinnati, mwaka 2015, alikosa pleti ya mbele. Daunte Wright, Brooklyn Center, Aprili 2021, alikuwa na stika ya usajili iliyopitwa na wakati na kifaa cha manukato kilichoning'inia kiooni. Alikuwa na miaka 20. Ukiyasoma majina haya kwa mfululizo unagundua kwamba kila kifo kilianza na kitu ambacho fundi angekirekebisha kwa dakika 10 au karani angekimaliza kwa barua ya posta. Na kila mtu aliyewahi kuwa mweusi nyuma ya usukani katika nchi hii anajua kwamba taa ya breki mara nyingi ni kisingizio, kwamba askari alishamwona dereva kabla hajaiona taa.

Wapo walioamua kuanzia hapo. Virginia ilipitisha sheria inayomkataza askari kusimamisha gari kwa makosa ya namna hiyo peke yake. Philadelphia ilifanya vivyo hivyo, na amri yake ilianza kutumika Machi 2022, mwezi mmoja kabla Patrick hajauawa. Hata hapa Michigan, baraza la jiji la Ann Arbor lilipitisha amri kama hiyo mwaka 2023, mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari kutoka mlangoni kwenu. Gari lililoibiwa litaendelea kusimamishwa, mlevi anayeyumba barabarani atasimamishwa, anayekimbiza gari mbele ya shule atasimamishwa. Kinachoondoka ni ile nafasi ya mtu mwenye bunduki kukutana na mtu mwenye hofu kwa ajili ya karatasi. Waheshimiwa Makamishna, jambo hili liko mikononi mwenu, na wabunge wa Lansing mnaweza kulifanya liwe la jimbo zima, ili usalama wa mwanangu usitegemee yuko upande gani wa mpaka wa manispaa.

Nanyi mlioko Lansing, kuna jingine lililo lenu peke yenu. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema, katika shauri la kijana wa miaka 15 aliyeuawa Memphis akikimbia, kwamba askari haruhusiwi kumuua anayekimbia ambaye hatishii uhai wa mtu. Mwaka 1989 mahakama hiyohiyo ikasema kwamba nguvu za askari zipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale, wakati ule. Tangu hapo karibu kila shauri linaishia kwenye swali moja: je, aliogopa? Patrick alikuwa kifudifudi, na bado swali lilikuwa ni hofu ya aliyekuwa juu yake. Katiba ya Marekani ndiyo kiwango cha chini kabisa. Jimbo halikatazwi kupanda juu yake. California mwaka 2019 iliandika kwamba nguvu za kuua zitumike tu pale zinapokuwa za lazima kulinda uhai, na kwamba matendo ya askari kabla ya risasi nayo yapimwe. Colorado mwaka 2020 ilimfungulia raia njia ya kumdai askari fidia katika mahakama za jimbo bila kinga iliyozoeleka kusimama mlangoni. Michigan iliyotangulia dunia mwaka 1846 haina sababu ya kuwa nyuma ya hao.

Nasisitiza majimbo na miji kwa sababu Washington imetugeuzia kisogo. Muswada wa kurekebisha polisi uliopewa jina la George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi Minneapolis, ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2020 na tena 2021, ukafia Seneti. Mwezi Mei 2025, katika wiki zilezile ambazo sisi tulikuwa tunajaribu kuelewa kuvunjika kwa kesi yetu, Wizara ya Sheria ilijitoa katika makubaliano ya kurekebisha polisi wa Minneapolis na wa Louisville, mji wa Breonna Taylor, mwanamke mweusi aliyeuawa na polisi nyumbani kwake. Minneapolis wamebaki na makubaliano yao na jimbo la Minnesota, nayo yanaendelea. Hilo linanipa moyo kuliko hotuba nyingi nilizozisikia, kwa kuwa linaonyesha kwamba kazi hii inaweza kufanyika hata pale aliye juu anapoondoa mkono wake.

Mkuu wa Polisi, kwako nina ombi dogo, na linatokana na kazi yangu. Wape askari wako wapya saa chache na sisi. Wajue kwamba mtu anayeshuka garini huenda anawasalimu. Wajue kwamba anayejibu "yes" kila swali huenda hajaelewa hata moja. "Yes" ndilo neno la kwanza la mkimbizi, tulilifundishwa kabla ya mengine yote, na tunalitoa kama mtu anavyotoa kitambulisho. Wajue kwamba kutomtazama mkubwa machoni ni adabu. Na siku ambayo Mungu aipishe mbali, familia nyingine itakapopokea habari kama ile, ziletwe na mtu anayeijua lugha yao, ana kwa ana, kabla ya simu za watoto hazijawaonyesha.

Sisi hatukutoka peponi. Tunazijua nchi ambako askari anaua na hata jina la marehemu haliandikwi mahali, na wapo wanaotuambia kwamba kwa hiyo tushukuru na tunyamaze. Mama yake Patrick alisema mbele ya waandishi wa habari, kwa Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni yake, kwamba waliikimbia vita wakiamini wamefika mahali pa usalama. Ninapofikiria matumaini huwa namfikiria yeye. Aliamini neno ambalo nchi hii ilimpa kwa maandishi, yenye muhuri, kwenye dirisha la ofisi ya kambi. Anayewataka mlitimize neno hilo hajakosa shukrani.

Mzee wa Fizi amepata leseni yake mwezi uliopita. Anaendesha gari dogo la rangi ya fedha kwenda kazini kwenye kiwanda cha kufungasha nyama, zamu ya usiku, na mke wake ameniambia kwamba kabla ya kuwasha gari huzunguka na tochi kukagua taa zote, mbele na nyuma, kila usiku, hata theluji inapoanguka. Kofia yake huiacha nyumbani.

Darasa letu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Nawaalika ninyi nyote, mmoja mmoja au kwa pamoja, bila kamera na bila hotuba. Nitawaomba mketi kwenye viti vya nyuma, pale wanapokaa watoto, mtazame somo lote tangu mwanzo, kisha mniambie niendelee kulifundisha mpaka lini.

Ni mimi, kwa heshima,

Mkalimani wa Kiswahili, mzazi na mkazi wa Grand Rapids